Kupamba nyumba kwa taa za rangi hapa Tanga: anza na baraza

Disemba ikikaribia maduka ya vifaa vya umeme pale Ngamiani yanajaa taa za mapambo, zimening'inizwa mlangoni zinawaka na kuzima, na kweli zinavutia, mtu unajikuta umebeba boksi tatu kabla hujajua unakwenda kuziweka wapi. Naomba uanze kinyume chake. Kabla hujanunua hata moja toka nje jioni, vuka barabara, simama upande wa pili uitazame nyumba yako kama anavyoiona mpita njia. Nyumba zetu nyingi, hasa hizi za kizamani za barabara za namba, mlango uko katikati, madirisha huku na huku, mbele baraza na bati linashuka juu yake, na uso wa nyumba ni hiyo baraza, hapo ndo watu wanakaa, ndo mgeni anapokelewa, ndo kahawa inanywewa. Basi taa zianzie hapo. Mstari mmoja ulionyooka chini kidogo ya ukingo wa paa la baraza na mwingine kuzunguka fremu ya mlango unapendeza kuliko boksi kumi zilizotupwa tupwa juu ya geti, ukuta, mwembe na tangi la maji. Baraza ikishakaa sawa ndo ufikirie mti, ndo ufikirie geti.

Na usinunulie Krismasi peke yake. Mji huu kila baada ya muda kuna jambo, Krismasi na mwaka mpya, Maulidi, Idi mbili, katikati harusi, na Idi kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11 hivi kwahiyo kuna miaka sherehe zinafuatana taa hazijashushwa. Mi nashauri msingi uwe nyeupe ya njano njano, ile ya joto, iliyonyooka kwenye baraza, hiyo inafaa sherehe yoyote, alafu unakuwa na mnyororo mmoja au miwili ya rangi unayobadilisha, kijani kwa Maulidi na Idi, nyekundu na kijani kwa Krismasi, na harusi ni wao wenyewe waseme sare yao rangi gani. Nyumba nyingi hapa shangazi anakwenda kanisani na baba mdogo anakwenda msikitini, mpangilio huu unawabeba wote.

Kwenye rangi kuna vitu watu hawaangalii. Ukuta wa chokaa nyeupe au krimu unarudisha kila rangi unayoumulikia, ukiweka nyekundu unapata wekundu, ukiweka bluu unapata ubluu. Ukuta wa kijani ukiupiga taa nyekundu unakuwa mweusi mweusi hivi, umekufa, kwasababu rangi ya kijani inameza mwanga mwekundu hairudishi. Kwahiyo kama nyumba umeipaka kijani au bluu iliyokolea usihangaike na mwanga wa kumulika ukuta, weka taa zenyewe zionekane vidoti. Bluu nayo kwa mbali usiku jicho haliishiki vizuri, kingo zinaonekana zimetawanyika, ni nzuri kwa kuchanganyia lakini nyumba nzima bluu inachosha. Alafu nyeupe, hii sikiliza vizuri, nyeupe ya LED kwa ndani ni taa ya bluu iliyofunikwa unga wa njano, unga ukiwa mdogo inatoka nyeupe ya baridi kama ya duka la dawa, ukiwa wa kutosha inatoka ile ya joto. Boksi mbili zimeandikwa nyeupe zote zikakuletea weupe tofauti, ukiziunganisha kwenye mstari mmoja inaonekana mpaka barabarani. Mwambie muuza duka aziwashe zote pamoja mbele yako, na nunua idadi yote siku hiyohiyo.

Na kwa sisi wa pwani kuna kumbikumbi. Mvua za vuli zinaangukia kipindi hikihiki cha maandalizi, jioni moja tu wanatoka kwa maelfu wanafuata mwanga, na mwanga mweupe wa baridi na bluu unawaita zaidi kuliko wa njano. Sababu nyingine ya kuweka njano pale wanapokaa watu.

Zile taa zenye kiboksi cha kitufe mara nyingi zina mitindo 8, ukibonyeza inabadilika, inakimbia, inapiga haraka haraka, inafifia taratibu. Watoto wanapenda ile ya haraka. Mi nasema barazani weka ya kutulia au inayofifia taratibu, watu wanakaa hapo masaa wanaongea, ukiwapigia taa za disko usoni wanahama wanakwenda kukaa kwa jirani. Na si suala la kuchosha tu, kuna watu wenye kifafa ambao mwanga wa kupiga haraka, kuanzia mara 3 hivi mpaka 30 kwa sekunde, unaweza kuwaletea kifafa palepale. Kama unajua kuna mtu wa hivyo kwenye familia au mtaani usiweke huo mtindo kabisa.

Sasa kununua. Geuza boksi usome. Kwanza volti, hapa kwetu ni 230, kuna taa zinakuja kwenye mizigo ya mitumba au ndugu ametuma kutoka Marekani, zile ni za volti 120, ukichomeka zinawaka kali mara moja alafu ndo mwisho. Pili angalia alama ya IP, inayoonyesha kinga dhidi ya maji. IP20 ni ya ndani tu, ukumbini na sebuleni. IP44 inastahimili maji ya kurushiwa, inafaa chini ya paa la baraza. Kwa ukutani wazi au kwenye mti ambapo mvua inapiga moja kwa moja tafuta IP65. Na kumbuka kiboksi cha kitufe na plagi mara nyingi havina kinga hiyo hata kama taa zenyewe zinayo, kwahiyo hivyo lazima viwe pakavu. Tatu, iwe LED. Bado utakuta za zamani za uzi wa moto, bei chee, usichukue, zinapata joto na zinakula umeme, na kama una banda la makuti kule nyuma au umepamba na makuti makavu, zile usizisogeze kabisa. Taa hizi za sikukuu zimeanza mbali, mwaka 1882 kule New York mshirika wa Thomas Edison, Edward Johnson, alipamba mti wa Krismasi nyumbani kwake na taa 80 nyekundu, nyeupe na bluu, na kwa miaka mingi baada ya hapo zote zilikuwa za uzi wa moto, vioo vimepakwa rangi. LED nyekundu ilitoka 1962, bluu ikachelewa mpaka miaka ya 90, walioiweza walipewa Nobel ya fizikia 2014, na ni baada ya bluu kupatikana ndo nyeupe nayo ikawezekana, zikashuka bei mpaka leo unazikuta kila duka.

Nne plagi. Taa nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili na soketi zetu ni za pini tatu, na kila mtu anajua linalofuata, anachukua kalamu ya biki anaichomeka kwenye tundu la juu, kile kifuniko cha ndani kinafunguka, anasukuma zile pini mbili chini. Zinaingia. Lakini zinakaa zimelegea, hazigusi vizuri, kwa ndani zinapiga cheche ndogo ndogo, na baada ya siku chache ukichomoa unakuta plastiki ya soketi imebadilika rangi kuwa kahawia. Nunua adapta ya pini tatu yenye fyuzi, haina gharama. Ukipata ya kubadilisha fyuzi weka ya ampea 3, ya 13 ni kubwa mno kwa waya mwembamba wa taa, waya utaungua na fyuzi yenyewe iko salama.

Kupima usikadirie kwa macho. Chukua kamba, ya katani ndo nzuri na ndo tuko mji wake, itandaze kuanzia soketi ilipo, pita kote taa zitakapopita, alafu ilaze chini uipime. Umbali wa kutoka kwenye soketi mpaka taa ya kwanza watu huwa wanausahau, mnyororo unakuja kuishia katikati ya dirisha. Kwa mti hesabu iko hivi: shina lina mzunguko wa mita 1, unataka kulivisha mpaka urefu wa mita 2, unaacha nafasi ya sentimita 10 kati ya mzunguko na mzunguko, hiyo ni mizunguko 20, kwahiyo mita 20 za taa kwa shina moja. Ndo mana nasema baraza kwanza, mti unameza. Na usipigilie misumari kwenye mti, zungusha tu, acha ulegevu kidogo. Kama ni mnazi hakikisha umeanguliwa kwanza, dafu likidondoka linakuja na taa zote, na kuna watu chini.

Kabla hujapanda ngazi zitandaze zote chini ukumbini uziwashe nusu saa nzima. Ukiona kipande kimoja kimezima na vingine vinawaka, hizo taa zimefungwa kwa mafungu, moja ikikatika fungu lake lote linazima, anza kukagua taa ya kwanza ya hilo fungu na pale waya unapotoka kwenye kiboksi, hapo ndo panavunjika sana. Mnyororo ukiwa mrefu usikate ili uenee, ukipunguza idadi ya taa zilizobaki zinapata umeme mwingi kuliko kawaida yake na zinakufa moja moja. Za utepe na zile za mpira ndefu kama bomba zenyewe zinakatika, lakini pale penye alama ya mkasi tu, na mwisho wake lazima uzibwe na kifuniko.

Sasa hapa kwenye bati naomba uende taratibu. Waya wa taa ni mwembamba, ngozi yake ni laini, na ukingo wa bati unakata kama wembe. Upepo wa kaskazi unavuma mchana kutwa, waya unasuguliwa mbele nyuma kwenye ukingo, ngozi inachubuka, shaba inagusa bati. Kuanzia hapo paa lote lina umeme na huoni kitu, taa zinawaka vizuri tu. Alafu mama anatoka uani kuanua nguo, na kamba yetu ya kuanikia wengi ni waya, umefungwa huku kwenye ukingo wa paa huku kwenye nguzo, na nguo zina majimaji na miguu iko peku. Watu wamekufa hivi. Kwahiyo mstari wako usilale juu ya bati wala usipite ukingoni mwake, upitishe kwenye fishabodi, ile mbao ya ukingoni mwa paa, chini ya bati kama vidole viwili vitatu, ushike kwa klipu za plastiki zile za waya ambazo msumari unapita pembeni, usipige msumari ukakunja juu ya waya. Kama nyumba haina fishabodi funga kamba ya nailoni kutoka nguzo hadi nguzo ivutike vizuri, alafu taa zining'inie kwenye kamba. Katani kwa ndani ya baraza inapendeza sana, imeshikamana na rangi ya njano unaona kabisa hii ni Tanga, ila nje kwenye mvua inanywa maji na inalegea, huko tumia nailoni. Kebo tai nazo chukua nyeusi, nyeupe jua linazikausha zinakatika zenyewe.

Na geti, grili za dirisha, nguzo za bomba, chochote cha chuma ambacho mkono wa mtu unafika, hapo usiweke taa zinazotumia volti 230 moja kwa moja. Weka za betri, za sola, au zile zenye adapta inayoshusha volti mpaka 12 au 24. Watoto wanapanda mageti, hilo halizuiliki. Na kama nyumba haina ile breka ya kinga, yenye kitufe kidogo kimeandikwa T, mwite fundi umeme aiweke, ya miliampea 30, inakata umeme ukianza tu kuvujia pasipotakiwa, na hicho kitufe ukibonyeze mara kwa mara uone kama kweli inakata. Pesa za boksi mbili tatu za taa ni bora ziende huko kwanza.

Ngazi iwe ya mbao, ile ya alumini iache, hasa upande ambao waya wa TANESCO unaingia nyumbani. Huo waya usifungie kitu, wala nguzo yao iliyo mbele ya nyumba, hata kama imekaa mahali pazuri sana kwa taa.

Soketi ikiwa barazani fanya hivi: waya unaotoka juu usiingie kwenye soketi moja kwa moja, uache ushuke chini ya soketi kwanza, ujikunje, alafu upande kuingia. Maji ya mvua yanafuata waya, yakifika kwenye ule mkunjo wa chini yanadondoka sakafuni, hayapandi. Ni jambo dogo lakini linaokoa. Ekstensheni usiiache chini barazani pale maji yanapotuama na watu wanapopiga deki, itundike, na kama ni ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu itoe yote, ikibaki imejiviringisha na inabeba mzigo inapata moto. Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni nyingine.

Sasa chumvi. Wa Raskazone na Sahare mnaelewa, wa Ngamiani nao inawafikia. Tazama pini za plagi iliyokaa nje mwezi mzima, utaona unga wa kijani umeota kwenye shina la pini, pale inapoingia kwenye plastiki, hiyo ni shaba inaliwa. Ikifika hapo haigusi vizuri na inapata moto. Kila baada ya wiki moja hivi zima, chomoa, futa plagi kwa kitambaa kikavu, na taa zenyewe zipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo yasiyo ya chumvi, ziache zikauke ndo uwashe. Kwenye taa za betri fungua nyuma ukwangue vile vibati vya kugusia kwa msasa laini.

Walioko ufukweni kabisa, kule Pangani na Ushongo, taa zielekeze nchi kavu, msimulike bahari wala mchanga, vifaranga vya kasa wakitoka kwenye shimo wanafuata upande wenye mwanga, na upande huo unatakiwa uwe bahari. Kama lazima kuwe na taa upande huo basi njano iliyokolea au nyekundu, hafifu, na zizimwe mapema.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mnyororo wa LED wa wati 10 ukiwashwa saa 6 kila usiku kwa siku 30 unakula uniti 1.8, mnyororo wa zamani wa wati 40 kwa muda huohuo uniti 7.2. Ukiwa na mitano ya LED ni uniti 9, mitano ya zamani 36. Wale wa tarifu ya matumizi madogo ambao mwisho ni uniti 75 kwa mwezi hizo 36 zinaweza kuwavusha, na ukivuka bei inapanda sana. Na nyumba ya kupanga yenye mita moja ongeeni kabla hujapanda ngazi, sema wazi taa zangu zitakula uniti kadhaa nitaweka mimi, mana ugomvi wa LUKU ukianza sikukuu yote inaharibika. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, ukiweka taima iwashe hapo na izime saa sita usiku inatosha, jirani mwenye mtoto mchanga naye alale. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika chache ndo uchomeke, ule wa kurudi unakuja na nguvu na vile viboksi vya kitufe ndo vinakufa kwanza.

Sola ni nzuri kwa geti na bustani ila watu wanaiweka vibaya. Tanga tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na Disemba jua la saa sita mchana linakuwa limesogea upande wetu wa kusini, kwahiyo kile kipaneli kilaze karibu tambarare kikiinamia kusini kidogo. Sherehe ikiangukia Juni kigeuze kiinamie kaskazini. Kisikae chini ya mwembe, na kisikae karibu na taa ya baraza au ya barabarani, kinadhani bado mchana na taa haziwaki, wengi wanazirudisha dukani wakidhani mbovu. Vumbi na chumvi vipanguse. Betri yake mara nyingi ni ya kuchaji ya volti 1.2, ikichoka tafuta ya namna ileile, zile za kawaida za redio ukiziweka humo zinachajiwa bila kutengenezwa kuchajiwa, zinavuja na nyingine zinapasuka.

Ukishafunga zote rudi ng'ambo ya barabara giza likianza kuingia, sio usiku wa manane, uangalie. Mstari ukiwa umepinda utaona muda huo. Mara nyingi ni klipu moja tu katikati inataka kupandishwa.

Kushusha usivute kutoka chini, panda ufungue klipu moja moja. Kata kipande cha boksi, viringisha kila mnyororo peke yake kuzunguka hicho kipande, plagi ikae nje, alafu weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Gunia hapana, panya wanatafuna ngozi ya waya na mwakani hutaona mpaka uwashe. Juu ya dari chini ya bati nako hapana, joto la huko linakausha plastiki inakuwa inapasuka ukiikunja. Za betri toa betri. Na adapta kila moja iandike kwa maka inakwenda na mnyororo upi, zinafanana zote na tundu ni lilelile, lakini ya volti 24 ukiichomeka kwenye taa za 12 zinaungua hapohapo.